Bahasha Haina Futi Kamba

Bahasha ya paterni ikikufikia mkononi, iwe umeletewa na shangazi aliye ughaibuni au umeichomoa kwenye rundo la mitumba, igeuze kwanza. Upande wa mbele ulichorwa ili ununue. Mwanamke wa pale ana shingo ndefu, miguu isiyokwisha na kiuno cha nyigu, na gauni lake halina mkunjo hata mmoja. Upande wa nyuma ndio wenye maneno ya kazi: jedwali la vipimo, mita za kitambaa, aina ya kitambaa kinachofaa, zipu ya urefu gani, vifungo vingapi. Soma huko. Mbele utarudi siku gauni likiisha, umtazame yule wa pichani uone umemzidi wapi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeshona nyumbani, mwenye cherehani kando ya kitanda na mkasi anaoufichia watoto. Nauandika kwa sababu moja. Nimewasikia wanawake wengi mno, gauni likiwakataa, wakisema, "Mwili wangu una matatizo." Hauna. Gauni halikukaa kwa sababu lilikatwa kwa ajili ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine tunaweza kumtaja, kumpima na kumcheka.

Mjue Bibi wa Bahasha

Kampuni ya paterni haikujui, kwa hiyo hukata karatasi zake kwa kumfikiria mwanamke mmoja. Mimi namwita Bibi wa Bahasha. Kwa kampuni nne maarufu za Marekani, yaani Butterick, McCall's, Vogue na Simplicity, Bibi huyu ana urefu wa kati ya mita 1.65 na 1.68. Akiwa saizi 16, kifua chake ni sentimita 97, kiuno 76, nyonga 102. Kutoka mfupa wa shingo hadi kiunoni, kwa nyuma, ni sentimita 42.5. Matiti yake ni ya kikombe B akiwa mwembamba, na ni ya kikombe B akiwa mnene, isipokuwa kwenye zile paterni chache ambazo kampuni imetia vipande vya vikombe vingine.

Mabega yake yako sawasawa, la kulia na la kushoto. Hajawahi kubeba ndoo kichwani wala mtoto mgongoni. Hajanyonyesha. Hajainama miaka ishirini juu ya meza ya ofisi. Na akinenepa, hunenepa kwa utaratibu wa ajabu: kutoka saizi 16 kwenda 18 anaongeza sentimita 5 kifuani, 5 kiunoni na 5 nyongani, wala hapati hata moja zaidi kwenye mapaja. Sijakutana na mwanamke aliyenenepa kwa haki namna hiyo, na wewe pia hujakutana naye.

Kwa hiyo ukijipima ukakuta kifua chako kiko kwenye safu ya 14, kiuno kwenye 18 na nyonga kwenye 20, usishtuke. Tofauti iliyopo ni kwamba wewe upo, yeye hayupo.

Icheke namba

Paterni za karatasi zenye saizi mbalimbali zina mwanzo unaojulikana. Mwaka 1863, fundi wa nguo aitwaye Ebenezer Butterick, wa mji mdogo wa Sterling katika jimbo la Massachusetts, alianza kuuza paterni zilizokatwa kwa saizi tofauti. Husimuliwa kwamba aliyemsukuma ni mkewe Ellen, aliyechoshwa na paterni za siku zile ambazo zilikuja kwa saizi moja tu, na kila mama alitakiwa azikuze au azipunguze kwa akili yake. Butterick alijaribu karatasi ngumu, kisha akahamia kwenye karatasi nyembamba laini inayokunjika na kuingia kwenye bahasha ya posta. Alianza na nguo za wanaume na wavulana, na za wanawake zikafuata baada ya muda mfupi. James McCall, fundi kutoka Uskochi, akaanzisha kampuni yake New York mwaka 1870. Simplicity ilikuja mwaka 1927, ikilenga mwenye kipato kidogo.

Natoa heshima zangu zote kwa kazi hiyo. Mwanamke aliyeishi shambani, mbali na fundi yeyote, aliweza kufungua bahasha mezani akapata kola iliyochorwa na mtu anayejua kola. Namba ndiyo iliyokuja kuharibu mambo.

Chukua kifua cha inchi 34, sawa na sentimita 87 hivi. Kwenye bahasha ya miaka ya 1940 kifua hicho ni saizi 16. Kwenye bahasha ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ni 14. Tangu mwaka 1968 ni 12. Ukiingia leo kwenye duka la nguo zilizoshonwa tayari huko Marekani, utaambiwa wewe ni 4, na duka la jirani litakuita 2. Kifua ni kilekile, hakijaongezeka wala kupungua hata upana wa uzi.

Mwanzoni namba hizi zilikuwa umri. Paterni ya 14 au 16 ilikuwa ya msichana wa miaka 14 au 16, nayo ikabebana na kifua kilichodhaniwa kuwa cha umri huo. Umri ukasahaulika, namba ikabaki, na mpaka leo mama wa watoto wanne anachagua gauni lake kwa kivuli cha miaka ya binti.

Serikali ya Marekani iliwahi kujaribu kuweka utaratibu. Mwaka 1939 na 1940, Wizara ya Kilimo iliwapima wanawake wapatao 15,000, kila mmoja vipimo 59, chini ya watafiti Ruth O'Brien na William Shelton. Matokeo yalichapishwa mwaka 1941. Wanawake wasio Wazungu waliopimwa, hesabu zao ziliwekwa kando, hazikuingia. Lisome hilo tena polepole wewe mwenye ngozi nyeusi unayelaumu nyonga zako mbele ya kioo. Kipimo rasmi kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1958, kikarekebishwa mwaka 1970, na kikaondolewa kabisa mwaka 1983. Tangu hapo maduka yakawa huru kushusha namba ili mteja atoke akitabasamu. Kampuni za paterni zikabaki karibu na vipimo vyao vya 1968. Ndiyo sababu anayevaa 8 dukani hufungua jedwali la bahasha akajikuta kwenye 14, akaumia moyo bure.

Wajerumani wamekuwa waungwana zaidi katika hili. Jarida la Burda, lililoanzishwa na Aenne Burda mjini Offenburg mwaka 1950, hutumia saizi za Kijerumani ambazo unaweza kuzikokotoa mwenyewe: chukua kifua kwa sentimita, gawa kwa mbili, toa sita. Kifua cha 88 ni saizi 38. Cha 92 ni 40. Cha 96 ni 42. Unaona namba ilikotoka, na hapo huna sababu ya kuiogopa.

Wewe fanya hivi. Chukua kalamu ya wino mzito, ufute namba ya saizi kwenye bahasha, na mahali pake uandike kifua, kiuno na nyonga kwa sentimita. Kuanzia hapo unazungumza na futi kamba.

Jipime, na usivute tumbo

Vaa sidiria utakayoivaa na gauni lenyewe, kisha mwite mtu: dada, binti, jirani. Anayejipima peke yake huinua mikono, na mikono ikiinuka, kifua hubadilika. Funga kamba nyembamba kiunoni, jipinde kushoto na kulia. Pale kamba inapotulia ndipo kiuno chako kilipo, hata kama mkanda wa sketi umezoea kukaa kwingine. Nyonga zipimwe palipojaa kuliko pote, ambapo kwa wengi wetu ni chini zaidi ya tunavyodhani. Futi kamba ilale sawa nyuma na mbele, isipande mgongoni. Na tumbo liache lilivyo. Gauni utalivaa umekula pilau ya harusi, na utataka kupumua.

Sasa ongeza kipimo ambacho ukikijua utaacha kabisa kugombana na mabega yako. Pitisha futi kamba chini ya makwapa na juu ya matiti, ikilala bapa. Tuite hicho kifua cha juu. Kilinganishe na kifua kamili. Ikiwa tofauti haizidi sentimita 5, chagua saizi kwa kifua kamili, kama bahasha inavyokuelekeza. Ikizidi, kichukue kile cha juu, ukitafute kwenye safu ya kifua, na hiyo ndiyo saizi yako.

Sababu yake ni hii. Shingo, mabega na makwapa ndiyo kiunzi cha gauni, na ndiyo sehemu ngumu kurekebisha baada ya kukata. Chukulia mwanamke mwenye kifua kamili cha 106 na kifua cha juu cha 98. Jedwali litamtuma kwenye saizi 20, ambayo kifua chake ni 107. Atafikiri amepatia. Lakini Bibi wa Bahasha wa saizi 20 amepanuliwa kila mahali, hadi mabegani. Shingo ya gauni itapwaya, mshono wa bega utateremka mkononi, na kwapa litaning'inia. Kisha dada wa watu atasema ana mabega mabaya, kumbe ana matiti mazuri.

Achukue 16. Mabega yatakaa. Nafasi ya matiti aiongeze pale matiti yalipo. Kwa kipande cha mbele chenye dati ya ubavuni, anachora mstari kutoka kiunoni kwenda juu hadi ncha ya titi, anaupindisha kutoka hapo hadi kwenye mshono wa kwapa, na anachora mwingine kupitia katikati ya dati hadi ncha ileile. Anakata mistari hiyo bila kuachanisha kabisa pale kwapani na pale nchani, anafungua, anabandika karatasi chini. Afungue kiasi gani? Paterni ina 97, yeye ana 106, pungufu ni 9. Kipande cha mbele huchorwa nusu mwili, basi afungue 4.5. Dati itakuwa nene kuliko ilivyokuwa, nayo aiache iwe nene, maana ndiyo inayolitengenezea titi chumba chake. Kutoka mwanzo hadi mwisho ni kazi ya jioni moja, na akishaifanya kwa paterni moja ataifanya kwa zote.

Kwa nyonga mambo ni mepesi. Paterni nyingi za siku hizi zina saizi kadhaa kwenye karatasi moja, mstari ndani ya mstari. Weka kalamu kwenye mstari wa 16 chini ya kwapa, ishushe kupita kiunoni, uitoe taratibu hadi mstari wa 20 nyongani. Mkunjo uwe mlaini, usiwe na kona. Kwa sketi na suruali, chagua saizi kwa nyonga moja kwa moja, kwa sababu kiuno utakipunguza wakati wowote ila nyonga iliyokwisha kukatwa haiongezeki.

Mwenye makalio yaliyojaa akivaa sketi ya Bibi wa Bahasha ataona pindo la nyuma limepanda na la mbele limeshuka. Usikate mbele ili kusawazisha. Sketi imekosa urefu nyuma. Ongeza sentimita chache juu ya kipande cha nyuma, katikati, ukipunguza hadi sifuri unapofika ubavuni. Na kama wewe ni mfupi kuliko mita 1.65, tafuta mistari miwili sambamba iliyochapwa kukatisha kipande. Hapo ndipo pa kukunja ili kufupisha, au kukata na kuongeza karatasi ili kurefusha. Anayefupisha kwa kukata pindo tu anapata gauni ambalo kiuno chake kimekaa juu ya nyonga zake.

Tafuta nafasi iliyofichwa

Kipimo cha mwili ni kimoja na kipimo cha gauni ni kingine. Katikati yao kuna nafasi: ya kupumua, ya kukaa kwenye daladala, ya kuinua mkono kupunga. Juu ya hiyo, mbunifu huongeza nafasi nyingine kwa ajili ya mtindo. Jedwali la nyuma ya bahasha linakuonyesha mwili pekee, na hapa ndipo gauni lililofuata jedwali kwa uaminifu linapotoka likiwa kubwa, mshonaji akabaki anashangaa.

Kampuni za Marekani zina lugha yake kwenye maelezo ya mtindo. Gauni likielezwa kuwa limebana, nafasi ya kifua haizidi sentimita 7 hivi. Likielezwa kuwa linafuata mwili, ni kati ya 7.5 na 10. Linalofuata mwili kwa mbali hufika 12.5, lililoachia hufika 20, na baada ya hapo ni hema. Sasa zingatia: gauni ambalo bahasha inasema linafuata mwili linaweza kuwa na sentimita 10 za ziada kifuani. Anayeshona gauni la kitenge la kwenda nalo harusini, lenye zipu mgongoni, hataki sentimita 10. Kwa kitambaa kisichovutika, naona 5 kifuani, 2 au 3 kiunoni na 5 nyongani zinatosha. Nyongani usiibane nafasi hiyo, kwa sababu ukikaa, mwili hutanuka, na mshono wa nyuma ndio unaoteseka.

Habari njema ni kwamba ukweli umeandikwa. Fungua karatasi yenyewe, tafuta kipande cha mbele, na karibu na kifua, kiuno na nyonga utaona duara dogo lenye msalaba ndani. Pembeni yake kumeandikwa vipimo vya gauni likiisha kushonwa, kwa kila saizi. Hiyo ndiyo sehemu yenye thamani kuliko nyingine zote kwenye bahasha nzima, na wameiandika kwa herufi za kutafutwa kwa miwani.

Uitumie hivi. Kabatini chukua gauni unalolipenda, la kitambaa kinachofanana na utakachokata, litandaze kitandani lililofungwa zipu. Pima kutoka kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili. Umepata 105? Nenda kwenye karatasi. Saizi 16 inasema itatoka 112, na 14 itatoka 107. Kata 14, hata kama jedwali la mwili linakupigia kelele ukate 16. Gauni lako la kabatini limekwishavaliwa, limekwishakaliwa, limekwishachezewa ngoma. Linajua.

Uliza ni rahisi kwa nani

Bahasha nyingi hujitangaza kuwa ni rahisi. Vogue wana alama yao ya Very Easy, Butterick walikuwa na See & Sew, na Simplicity walikuwa na Jiffy. Neno hilo linahesabu vipande. Paterni rahisi imeondolewa kola, bitana, mifuko ya ndani na mkono unaoingizwa kwenye kwapa kwa ustadi. Kazi ya cherehani inapungua kweli, hilo sikatai.

Lakini kila mshono ulioondolewa ulikuwa mahali pa kurekebishia. Gauni la vipande vinne lina mishono ya ubavuni tu, na usipoenea hapo huna pa kwenda. Gauni lenye mishono inayoshuka kutoka begani au kwapani, ikapita juu ya titi hadi chini, lina vipande vingi na bahasha yake inaweza kukutisha. Hata hivyo, kwenye kila mshono ule unaweza kuongeza nusu sentimita hapa, kupunguza robo pale, hadi gauni likushike. Kwa mwanamke mwenye matiti makubwa na kiuno kidogo, hilo la vipande vinane ndilo rahisi. Namshauri alinunue akiwa bado mwanafunzi, na aliache lile lililoandikwa rahisi kwa mwembamba anayetaka gauni la kulegea. Anayeanza kabisa aanze na sketi: nyonga, kiuno, zipu, basi.

Maelezo ya ndani nayo yameandikwa kwa mtu aliyefundishwa na mamaye huko kwao, kwa hiyo yanaruka mambo. Machache yatakayokuokoa: vijipembe vya pembeni mwa vipande hukutana na wenzao, kimoja kwa kimoja na viwili kwa viwili. Kwenye mkono, kijipembe kimoja ni upande wa mbele na viwili ni wa nyuma, ukigeuza utavaa gauni linalokuvuta mabega. Mshale mrefu ulale sambamba na ukingo wa kitambaa, upime ncha zote mbili. Mistari ya bahasha za Marekani ina sentimita 1.5 za mshono ndani yake. Paterni za jarida la Burda hazina, unaziongeza mwenyewe. Asiyejua hilo hukosa sentimita 1.5 kwenye kila ukingo, na hizo zikijumlishwa kuzunguka mwili ni gauni la mdogo wake.

Ukikwama, nenda kwa fundi na karatasi zako. "Shikamoo fundi, mkono huu hauingii kwapani, nimekosea wapi?" Huenda akacheka kwanza. "Karatasi za nini mama? Lete kitambaa nikupime." Ana haki. Amepima miili maisha yake yote na anachora kwa chaki moja kwa moja kwenye kitambaa, mwili wako ukiwa mbele yake. Msikilize kuhusu mwili. Kisha mwonyeshe mkunjo wa juu ya mkono ulivyochorwa kwenye karatasi, mwache aukague kwa kidole. Nimeona mafundi wazuri wakiomba kuunakili mkunjo ule palepale, na wenye karatasi wakiondoka wamejifunza namna ya kushika chaki. Kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake anakikosa.

Kabla ya mkasi

Bahasha hutoa safu mbili za kiasi cha kitambaa: cha upana wa sentimita 115 na cha 150. Kitenge chako kwa kawaida kiko karibu na 115, basi soma safu hiyo. Kama kina ndege, miti au herufi zinazotazama juu, fuata kiasi cha kitambaa chenye upande mmoja, kwa sababu vipande vyote vitalala kichwa juu, na ongeza nusu mita kwa ajili ya kulinganisha maua makubwa. Ndege waliopinduliwa mgongoni watakusumbua miaka yote ya gauni hilo. Kifue kitenge kwanza, kikauke, ukipige pasi.

Paterni ya kununua kwenye mtandao ina hatari yake moja tu, lakini ni kubwa. Ukichapisha kwa karatasi za A4, kuna kisanduku cha majaribio kwenye ukurasa wa kwanza. Mwambie kijana wa steshenari, "Kaka, naomba asilimia mia, usiruhusu mashine ipunguze kurasa," kisha pima kisanduku kwa rula kabla hajaendelea na kurasa nyingine thelathini. Mashine ikipunguza hadi asilimia 96, gauni la kifua cha sentimita 100 limekuwa la 96, na hakuna mshono utakaolifufua. Penye duka linalochapisha ramani za majengo, chapisha kwenye karatasi moja kubwa, ujiepushe na gundi.

Halafu kata gauni la majaribio. Nalisisitiza hili kuliko yote, na ndilo linalorukwa kuliko yote. Tumia marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, cha bei nafuu. Ni kitambaa chenye ujirani wa zamani na bahasha yako: majora yaliyouzwa Unguja katika karne ya 19 yalitoka kwenye viwanda vya Massachusetts, yakipakiwa kwenye meli za bandari ya Salem. Mwaka ule wa 1863, Butterick alipokuwa akikata paterni zake katika jimbo hilohilo, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimekatiza pamba, na kitambaa cha Kiingereza na cha Kihindi kikashika nafasi ya marekani kwenye masoko yetu. Kwa hiyo karatasi na marekani vimechelewa tu kukutana kwenye meza yako.

Shona majaribio kwa mishono mirefu, bila pindo, bila bitana, zipu ya pini. Livae, kaa kwenye kiti, inua mikono, chukua kitu sakafuni. Soma mikunjo. Mkunjo unaovuta kuelekea kwenye titi unaomba nafasi hapo. Mkunjo wa kulala juu ya makalio unasema nyonga hazikupewa haki. Mfuko wa kitambaa kilicholegea mgongoni, juu ya kiuno, unaomba kupunguzwa urefu nyuma. Chora kwa kalamu juu ya marekani hiyohiyo ukiwa umeivaa, mwenzako akikusaidia kushika pini, na kila mstari uurudishe kwenye karatasi.

Karatasi ya asili usiikate. Nakili mistari yako kwenye karatasi ya kaki, kwa sababu mwakani utahitaji saizi nyingine, au mdogo wako ataiomba. Karatasi ile nyembamba ikunje upya kwa pasi ya uvuguvugu isiyo na mvuke, na usihangaike kuirudisha kwenye bahasha yake, haitaingia. Itie kwenye mfuko mkubwa pamoja na nakala yako. Juu ya nakala andika jina la mwenye mwili, tarehe, kifua cha juu, kifua, kiuno, nyonga, na kila ulichoongeza au kupunguza na mahali pake. Tarehe ndiyo utakayoiangalia kwanza ukiitoa tena: ikiwa imepita zaidi ya mwaka, mwite dada na futi kamba kabla hujakigusa kitambaa.